Barafu ya Kahawa ya Bi Bashira Kheir

Mwaka umetimia, wifi yangu, tangu alfajiri ile ya mwezi ishirini na sita Shaaban ulipotangulia mbele ya haki, ukatuachia nyumba ya Kiponda, sufuria zako, na joto la kaskazi lisilo na wa kulitibu.

Mwanao Wanu ndiye aliyenipa kazi hii. Kaniletea kikaratasi cha tangazo la kumbukumbu yako: "Maneno mia mbili, shangazi, na picha moja." Nimemwambia mtu hakuishi miaka sitini na sita, akipanda na kushuka ngazi thalathini na moja kila siku, mukaja mukamkunja ndani ya maneno mia mbili kama foronya. Skuli nilisoma madarasa sita tu, lakini nilikaa mbele.

Kwa wasiokujua nawajulisha. Ulikuwa mke wa mdogo wangu, Wakil Usi, na mama wa Wanu. Mie ni Nassra Usi, wifi yako. Weye ulikaa juu, mie nakaa chini, na kati yetu palikuwa na dari moja ya boriti inayopitisha kila kitu, hata chafya.

Ulikuja mjini kutoka Makunduchi, bi arusi mwembamba, na sindano yako ya kofia imechomekwa kwenye ukingo wa kanga. Ulishona kofia za viua, zile za tundu za sindano, miaka arubaini. Ulihesabu tundu kwa lahaja ya kwenu, nasi wa mjini tukakucheka, mpaka siku waume zetu walipoanza kugombania kofia zako kwa ajili ya Idi. Aliyefiwa na baba hukumtoza. Ulimaliza kofia, ukaifunga kwenye kitambaa, ukaipeleka mwenyewe, na ulipoulizwa ulisema ulikuwa unapita tu njia hiyo. Ulikuwa ukipita njia nyingi sana, wifi, kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Lakini watu wa mtaa wetu wakikutaja hawatangulizi kofia. Hutanguliza ile kahawa yako ya maziwa ya baridi.

Ulifunzwa na jirani yetu wa mlango wa pili, Bi Hina. Yeye, kama alivyomwona mama yake, huipika kahawa, huitia maziwa, kisha huangushia barafu. Ulipoionja mara ya kwanza ulimaliza gilasi nzima, ukafuta mdomo, ukamwambia kwa adabu zako zote: "Bi Hina, ya juu tamu. Ya chini ni maji ya kuoshea dele la kahawa."

Bi Hina akacheka mpaka akashika ukuta. "Joto hili, Bi Bashira, barafu itaacha kuyeyuka kwa ajili yako?"

"Iyeyuke," ukasema. "Lakini ikiyeyuka iwe kahawa."

Ulikuwa na chuma cha vitumbua kilichokatika mkono, mashimo saba, sita yamezunguka na moja katikati. Kwa vitumbua kilikuwa hakifai tena. Ukakijaza kahawa, ukakitia kwenye friza, ikiganda unaibandua na kukijaza tena. Toka siku hiyo nyumba yetu haikukosa mgeni baada ya Alasiri, na wengine wao nilikuwa hata siwajui ni wageni wa nani.

Wanu anataka kipimo na hukukiandika popote. Ninacho mie, maana mwizi huijua ghala kuliko mwenyewe. Miaka thelathini nimesimama kwenye mlango wa jiko lako nikijidai naomba chumvi.

Basi sikilizeni. Buni ikaangwe nyumbani, polepole, mpaka iwe rangi ya mlango wa zamani, isiwe nyeusi. Itwangwe pamoja na hiliki kumi na kidole cha tangawizi kavu. Ichemshwe kwenye dele mara tatu. Kila ikitaka kumwagika inaondoshwa, inatulia, inarudishwa. Sukari itiwe humo humo ingali moto, kwa sababu kwenye baridi sukari hukaa chini ya gilasi imenuna, huipati mpaka umalize. Ichujwe kwa kitambaa cha melimeli, na si kwa chujio la chai. Ikipoa ndiyo imiminwe kwenye mashimo saba. Maziwa yawe ya ng'ombe, yakae juu ya moto mdogo mpaka yashuke vidole viwili ndani ya sufuria, na mpishi asibanduke, kila utando wa malai ukishika juu aurudishe ndani. Yakipoa yatiwe baridini. Gilasi moja, barafu tatu za kahawa, maziwa juu yake.

Halafu mtu angoje. Hapo ndipo wengi tuliposhindwa. Ulikuwa hutuachi tukoroge, ukatupiga vidole kwa kijiko. "Yaacheni maziwa yaitafute kahawa," ulikuwa ukisema. Nasi tukakaa tukiangalia, meupe yakiingia hudhurungi kidogo kidogo, watu wazima tumeinama juu ya gilasi kama tunaosomewa habari.

Halafu mie nikapatikana na sukari.

Ulinisindikiza hospitali mwenyewe, ukasikia kila alilosema daktari. Ningelijua ningekwenda peke yangu, nikarudi na habari nzuri. Tangu siku hiyo gilasi yangu ikatoweka kwenye sinia.

"Wifi, yako leo ni maji."

"Maji nnayo chini."

"Basi teremka ukayanywe."

Nilikwambia utie sukari kidogo kwa ajili yangu. Ukasema kahawa ni dele moja, hutoipika mara mbili kwa sababu ya mtu asiyeweza kuuzuia mdomo wake. Nilikasirika, nami nikikasirika huwa sisemi, natenda. Jumatatu na Alhamisi ulikuwa ukienda darsa. Ukitoka, nikapanda. Nikabandua kitumbua kimoja cha barafu, nikakimung'unya nikishuka ngazi, mama mzima wa miaka sabini na tatu, na shimo nikalijaza maji ya ukwaju yaliyokolea. Rangi ile ile. Ukiyatazama yameganda huwezi kula yamini.

Ikafika siku ya posa ya Wanu. Kijana, Hasan, kwao Fumba, na aliyeletwa kuzungumza alikuwa shangazi yake, mama mmoja mzito wa heshima na mwepesi wa kuona kasoro. Siku tatu ulikuwa huna usingizi. Wanu amesoma, anafanya kazi chuoni Tunguu, umri unakwenda, na posa mbili za nyuma zilikuwa zimeingia zikatoka. Hukutaka hii itoke. Ukatandaza busati jipya, ukaleta sinia la kahawa.

Na ule ukwaju, wifi, kati ya gilasi zote, ukaanguka kwenye gilasi ya shangazi wa bwana arusi.

Tulikuwa tumekaa tunangoja kama ulivyotufunza, kwa hiyo sote tuliona. Maziwa yalianza kutetemeka, yakakatika, yakawa mabonge mabonge. Yule mama akaiweka gilasi chini. "Mjini maziwa hulala siku ngapi?" akauliza.

Uliinyanyua gilasi ukainusa. Ukanitazama mie. "Ukwaju," ukasema, kwa sauti ndogo.

Nami nikacheka. Hiyo ndiyo khabari yenyewe, na nimeiandika ili isomwe. Kuiba ungenisamehe, ulijua kwamba naiba chumvi, viberiti na mengine. Nilicheka mbele ya wakwe, na weye ungali umeishika ile gilasi.

Walipoondoka ulisimama juu ya ngazi, mie niko chini.

"Wifi, ngazi hizi usizipande tena mpaka nikwite."

"Hutoniita weye."

"Ndiyo. Sitokuita."

Siku kumi na moja. Posa ikakubaliwa siku ya nne, Wakil akateremka kuniambia, wewe hukuteremka. Nikawa nakusikia juu ya dari, unakwenda jikoni, unarudi, unakaa kushona. Nawe bila shaka ulinisikia nikikohoa, maana nilikuwa nikikohoa kwa nguvu.

Kwa nini sikupanda? Mkosa ni mie na mkubwa ni mie, basi nikaukalia ukubwa. Na nilikuwa na hesabu yangu. Mwezi ulikuwa Shaaban. Kwetu, kabla ya Ramadhani kuingia, hakuna asiyetakana radhi na mwenziwe. Siku ya kuvunja jungu watu hupita mlango kwa mlango: nisamehe nilokukosea, tusameheane. Nikasema, nitangoja siku hiyo. Nitapanda na wengine, langu nilitie katikati ya maombi ya watu, lipite bila kuonekana. Nilitaka kukuomba radhi, wifi, lakini kwa bei ya jumla.

Wewe hukungoja kuvunja jungu.

Alfajiri ya ishirini na sita Wakil alikuwa msikitini. Nilisikia kishindo juu ya dari. Kimoja tu. Nikajisemea, anaburura kinu makusudi, anataka kuniamsha. Nikageukia ukutani. Sikupanda, kwa sababu hujaniita.

Wakil aliporudi ndipo nilipolisikia jina langu. Nikaitika naam, na ngazi nikazipanda. Ulikuwa juu ya mswala. Kofia ya mtu iko kando yako, na sindano ndani yake, safu moja haijamalizika.

Watu watatu wameniambia kwamba hata ningepanda papo hapo isingesaidia kitu. Wote watatu waliniambia huku wakitazama pembeni.

Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Magoti yako, wifi, sikuwa nimejua kama yamevimba vile. Wakil akanihadithia baadaye kwamba kwenye sala ya jeneza iliulizwa kama ilivyo ada: mwenye lake na marehemu, amsamehe. Watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Mie nilikuwa na swali jengine, na sikumpata wa kumwuliza. Marehemu akiwa na lake na mtu, huyo mtu aende wapi?

Siku ya tatu nilifungua friza kutafuta barafu ya wageni. Nikakikuta chuma cha vitumbua kimefunikwa kwa kitambaa, mashimo yote saba yamejaa. Ulikigandisha jioni ya mwisho. Lile la katikati lilikuwa na hiliki moja nzima, imeganda juu, kijani, kama jicho. Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba ni mkono wako, na kwamba baada ya hicho hakuna chengine.

Nikawaambia wote: atakayekigusa chuma hiki, mie na yeye.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Futari ilikuwa na kila kitu, na baada ya tarawehe Wakil akakaa barazani mikono mitupu. Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, tukamwozesha Wanu. Asubuhi ya arusi alikuja kwangu na piko la bi arusi mikononi. "Shangazi, nataka gilasi moja tu. Ya mama. Ninywe kabla sijatoka nyumba hii."

Nikamwambia hapana.

Bi arusi hana mama, na kahawa ya mama yake iko kwenye friza, na mie nikamnyima. Alitoka akaenda kukaa kwenye kiti chake. Alikunywa soda.

Wanu, mwanangu, uliniuliza sababu baadaye nikakwambia ni ushahidi. Nilikuwa nikikutania kwa sababu la kweli lilikuwa haliniji mdomoni. Maadamu barafu ile ipo, mama yako hajamaliza kuondoka. Na maadamu hajamaliza kuondoka, huenda akaniita.

Mwaka mzima nimelinda friza. Umeme ukikatika, hata kwa saa moja tu, nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wake nimekunja mikono kama askari wa benki. Bi Hina akaniuliza, "Bi Nassra, humo mna maiti?" Kisha akajiziba mdomo, akaona alichosema. Nikamwambia nusu.

Wiki iliyopita waya wa mlangoni kwetu uliungua. Nyumba yetu ikazimika na ya Bi Hina pia, sote tumo kwenye waya mmoja. Fundi akaahidi kuja kesho, na kesho ya mafundi mwaijua. Nikakifunga chuma kwa mablanketi mawili. Nikamtuma Wakil sokoni anunue barafu, akaniletea mabonge waliyofunikia samaki aina ya changu. Nikayapanga kuzunguka chuma. Siku ya pili Alasiri nikafungua blanketi, nikakuta mashimo saba ya maji meusi, na hiliki inaelea kwenye lile la katikati.

Nikakaa chini jikoni kwako. Wakil akaja akasimama. Wanu alikuwa ameshafika kutoka Fumba, na mimba yake ya miezi mitano, na hakunisimanga.

"Shangazi," akasema, "tuinywe au tuimwage. Kuiweka haiwezekani tena."

Akachemsha maziwa. Hakubanduka, aliyarudisha malai yote, nami nikaona kwamba jikoni kwako hakusimama bure. Mashimo matatu akamtilia baba yake, matatu akatia kwenye gilasi yake mwenyewe. La katikati, lenye hiliki, akanipa mie, kwa kuwa mkosa hachagui. Hakuna aliyekoroga.

Nikanywa. Chungu.

"Imeharibika," nikasema.

"Yangu tamu," akasema Wakil. "Ina samaki kidogo, lakini tamu."

Nikachukua gilasi yake nikaionja. Tamu. Nikaionja ya Wanu. Tamu, sukari yako ile ile ya kutosha mtaa. Nikarudi kwenye yangu. Kahawa imo, hiliki imo, tangawizi imo. Sukari haimo hata chembe.

Wakil hunywa vijiko vinne. Wanu vitatu. Bi Hina tusimtaje. Katika nyumba hii aliyekatazwa sukari ni mmoja.

Kumbe uliipika mara mbili, wifi. Dele zima la watu, na kidogo cha mtu asiyeweza kuuzuia mdomo wake. Ukatia na hiliki juu yake, usije ukakosea shimo.

Wakil akaiweka gilasi yake chini. Mdogo wangu hasemi sana, uliolewa naye ukimjua. Akasema, "Hiyo yako, dada."

Siku tatu baada ya alfajiri ile ilikuwa kuvunja jungu. Ulijua kwamba nitapanda na wengine, nijifanye nimekuja kwa ajili ya watu wote. Ulikuwa umeshanitayarishia gilasi. Nami mwaka mzima nimekaa chini ya ngazi nikingoja kuitwa, na mwito uko ndani ya friza, na kila aliyeutaka nilimfukuza.

Niliimaliza. Sitosema ilikuwa nzuri. Kahawa ya mwaka mmoja isiyo na sukari, yenye harufu ya changu, ni mtihani. Hiliki ninayo, imekauka, nimeifunga kwenye pembe ya leso yangu.

Sasa nasema peke yangu, bila kuchanganya na ya watu. Nakutaka radhi kwa ukwaju. Nakutaka radhi kwa kicheko. Nakutaka radhi kwa siku kumi na moja, na kwa gilasi niliyomnyima mwanao siku ya arusi yake. Na kile kishindo, wifi, sijui nikitakie radhi kwa maneno gani. Nimeyatafuta mwaka mzima. Kila alfajiri nalala uso juu, naitazama dari, na hakuna anayeburura kitu.

Hitma yako itasomwa nyumbani Kiponda siku ya kuvunja jungu, baada ya Alasiri. Wote mnakaribishwa. Chuma cha vitumbua kimeoshwa, na Wanu ndiye atakayepika. Mie nitasimama mlangoni nikiomba chumvi. Shimo la katikati litakuwa halina sukari. Tafadhalini msilichukue.

Unakumbukwa na mumeo, Wakil Usi, ambaye ile kofia isiyomalizika hamruhusu mtu kuichomoa sindano. Na mwanao Wanu na mumewe Hasan, na huyo atakayezaliwa, ambaye akiwa mwanamke jina lake tunalo. Na jirani yako Bi Hina, ambaye bado anatia barafu ya kawaida. Na wifi yako wa chini, Nassra.

Hatutoacha kukutaja mpaka nasi tuitwe. Na mie siku nitakayoitwa, wifi, sitongoja watu wengine. Nitaitika naam, na ngazi nitazipanda.